Kiganja cha Kasoki

Kasereka alikuwa mtu wa mawe. Zaidi ya miaka thelathini alikata mawe meusi ya volkano hapa Goma. Alijenga misingi ya nyumba za watu, akajenga kuta, mwisho akajenga kaburi la mke wake. Majani hakuyajua. Majani yalikuwa kazi ya Kasoki.

Kasoki alikuwa na meza mbele ya nyumba yao, Lac Vert, kando ya njia inayokwenda Sake. Juu ya meza kulikuwa na mubirizi, yale majani machungu ambayo watu wanapanda kwenye ua, na mchaichai, na vitunguu saumu, na maganda ya miti yaliyofungwa kwa kamba ya mgomba. Wanawake walikuja na tumbo, na homa, na tansio, ile presha ya damu. Vita vilipokaza Masisi, wakimbizi wakashuka, mahema yao yakajaa juu ya mawe mpaka karibu na mlango. Tansio ikaongezeka. Mtu aliyeacha ng'ombe wake na kaburi la baba yake, damu yake itatulia wapi?

Kasoki mwenyewe alikufa mwezi wa pili. Mizinga ilikuwa inalia upande wa Sake, mabati yanatetemeka. Hakuna bomu lililomgusa. Alikaa chini kama mtu aliyechoka kubeba, akasema, "Ngoja kidogo, Papa Donat." Kasereka akangoja. Mpaka leo anangoja.

Donat, mtoto wao wa kwanza, yuko Butembo. Njia ilikuwa imefungwa, hakufika kuzika.

Majuma mawili meza ilikaa tupu. Juma la tatu mwanamke mmoja mrefu alisimama mlangoni, kitenge chake kimefungwa vizuri kama mtu anayekwenda misa. Kasereka alimtambua. Alikuwa Mukamugema, mkimbizi kutoka vilima vya Masisi, mteja wa Kasoki wa kila Jumatano.

"Muzee, pole tena. Mama Donat alikuwa ananipa majani ya tansio. Sasa nani atanipa?"

"Mimi sijui majani, mama."

"Gunia lake nani alikuwa anabeba?"

"Mimi."

"Basi mugongo wako unajua. Uliza mugongo."

Kasereka hakucheka, lakini aliinuka. Ni kweli alikuwa amebeba. Tangu miguu ya Kasoki ilipoanza kuvimba, yeye ndiye aliyekwenda naye asubuhi kwenye nyua za watu, akamshikia gunia wakati anachuma. Majani yenyewe aliyajua kwa sura na kwa harufu. Na kipimo alikuwa amekiona mara elfu: kiganja kimoja cha mubirizi, vikombe vitatu vya maji, kuchemsha mpaka vibaki viwili, kunywa kimoja asubuhi na kimoja jioni.

Alienda nyuma ya nyumba, akachuma, akampa kiganja mara saba, siku saba. Mukamugema alifungua kifurushi, akatazama.

"Wewe unatoa vizuri kuliko Mama Donat," alisema. "Maneno unanyima, majani haunyimi."

Habari ikazunguka kwenye mahema kwamba meza imefunguliwa. Wanawake wakarudi. Kasereka akaona kwamba meza inamfaa. Ukikaa kwenye meza ya mtu, ni kama amekwenda choo tu, atarudi.

Ilipofika mwezi wa tano, mubirizi uliisha. Haukuwa umekufa. Wakimbizi walikuwa wengi, na kila mtu mwenye homa na kila mtoto mwenye minyoo alivunja tawi. Nyua zote za Lac Vert zikabaki vijiti. Kasereka akashuka Kituku, sokoni kwenye ufuko, ambapo mitumbwi ya Minova ilileta mihogo na ndizi kwa sababu njia ya gari imekatwa. Mama mmoja wa mtumbwi alikuwa na mubirizi mkavu, gunia zima, umekauka mpaka unalia mkononi kama karatasi.

"Ni uleule?" Kasereka aliuliza.

"Ni uleule, papa. Jua tu limekunywa maji yake."

Akanunua. Jumatano akampa Mukamugema kiganja mara saba.

Jumatatu iliyofuata, jua lilikuwa limepanda kidogo tu, Kasereka anapanga meza, kelele ikatoka upande wa robine ya wakimbizi, bomba lao la maji, pale wanapopanga bido, yaani madumu. Mwanzoni alifikiri ni ugomvi wa foleni. Kisha mwanamke mmoja akapita mbio, kitambaa kimedondoka shingoni.

"Mama Mukamugema ameanguka! Bamemupa karuho!"

Karuho ni sumu ile ya siri, inayowekwa katika kinywaji. Huku kwetu mtu mzima akianguka bila homa na bila jeraha, neno hilo linafika kabla ya maji ya kumwagia usoni. Na baada ya neno hilo wanatafuta watu wawili. Wa kwanza ni yule wa kumtapisha mgonjwa. Wa pili ni yule aliyempa kikombe.

Kasereka alisimama na kifurushi mkononi. Alitazama meza yake.

Hakuna aliyejua kwamba ni yeye aliyempa. Mukamugema alikuwa anakunywa majani yake kwa kujificha, amefunga mdomo wa chupa kwa kitambaa, kwa sababu waganga wa hema la dawa, wale wa sindano na vidonge, waligombeza watu wa majani. Hata mkwe wake Umwiza, aliyelala naye hema moja, alifikiri ni chai. Kasereka angeweza kukunja gunia, kuingia ndani, kufunga mlango. Alikuwa na miaka sabini na mbili. Aliwahi kuona kule mtaa wa Birere, kwa macho yake, mama mmoja aliyesemwa kwamba ametoa karuho. Aliona matairi shingoni mwake, na moto. Alikuwa amepita haraka, akijiambia hayamuhusu.

Alitembea kwenda robine. Hakukimbia. Mtu anayekimbia anaonekana mwenye kosa, hata akikimbilia mbele.

Mukamugema alikuwa amelala chini kati ya bido, uso umekuwa wa majivu, jasho limejaa. Umwiza ameshika kichwa chake, analia. Pembeni amepiga magoti Ndayambaje, mtu wa kutapisha, ambaye watu wengi walisema amewaokoa. Alikuwa na kikombe cha dawa nyeusi.

"Mumuinue akae," Ndayambaje alisema. "Lazima atapike yote."

"Nani alimupatia kinywaji?" sauti ya mwanaume ikauliza kutoka nyuma.

"Tutamujua tu. Leo tutamujua."

"Ni mimi," Kasereka alisema.

Hawakusikia. Alikuwa mtu wa sauti ndogo. Akasema tena.

"Ni mimi. Mimi nilimupa majani. Ya tansio. Si karuho."

Watu waligeuka. Mtu mmoja akamshika shati, nyuma ya shingo.

"Huyu muzee wa meza! Nilisema mimi! Mutu amejenga kaburi, sasa anataka kulijaza!"

"Acheni aseme," alisema mama mmoja mzee aliyekaa juu ya bido yake.

Kasereka hakuwa na maneno mengi. Alitafuta yale machache.

"Usimutapishe," alimwambia Ndayambaje. "Hana maji mwilini, angalia mudomo wake. Ukimutoa maji tena, ataenda. Tumupeleke kwa hema la dawa. Mimi nitasema kile alikunywa."

"Wewe ni muganga sasa?"

"Mimi ni mutu wa mawe. Kama akikufa, niko hapa. Muko munanishika."

Ndayambaje alisogeza kikombe kwenye mdomo wa mgonjwa. Kasereka akanyoosha mkono, akakishika, akakimwaga juu ya mawe. Mtu wa nyuma alimpiga kofi la kichwa, kofia ikaanguka. Hakuiokota. Alikuwa anamwangalia Umwiza.

"Mutoto, huyu ni mama wa bwana yako. Sema wewe."

Umwiza alimtazama yule mzee aliyeshikwa shati.

"Mumubebe," alisema. "Tuende kwa dawa. Na muzee aende naye. Asitoroke."

Wakambeba kwa kitenge, watu wanne. Kasereka akatembea nyuma, shati lake mkononi mwa mtu, kama mbuzi anayepelekwa soko.

Kwenye hema la dawa alikuwa Achille Mulumeoderhwa, muganga kijana, mtu wa Bukavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Hakuuliza karuho. Alimlaza Mukamugema chali, akaweka gunia la mchele chini ya miguu yake ili ipande juu ya kichwa. Akamfunga mkono, akapampu, akasikiliza. Akapampu tena.

"Tansio saba juu ya ine," alisema. "Huyu mama nilimujua na kumi na saba. Umwiza, vidonge anakunywa?"

"Kila siku. Kile cheupe, na kile cha kukojolesha."

"Amekula nini?"

"Tangu jana hajakula. Unga ulikuwa kidogo, akaachia batoto."

Achille alikuwa anatafuta mshipa wa kuingizia maji ya serumu huku anauliza. Kisha akatazama mlango, ambapo watu walikuwa wamejaa na Kasereka yuko mbele yao.

"Na huyu papa wamemukamatia nini?"

"Nilimupa mubirizi," Kasereka alisema. "Kwa tansio. Nilimupa tangu mwezi wa tatu."

Alingoja kugombezwa. Achille alikuwa ameshapata mshipa, akafunga bandeji, akainuka.

"Kiasi gani?"

"Kiganja kimoja, kwa siku."

"Mabichi?"

"Yalikuwa mabichi. Sasa ni makavu. Mabichi yameisha."

"Kiganja kilekile?"

"Kilekile."

Achille alivua miwani, akapangusa jasho. "Papa, jani likikauka linakunjamana. Kiganja kimoja cha makavu kimebeba vya mabichi vingapi? Vitatu? Vine?"

Kasereka alikuwa mtu wa kujenga, alijua mchanga mkavu na mchanga wenye maji haupimwi sawa. Alijua hilo kwa mchanga.

"Na kiganja cha nani?" Achille aliuliza.

"Namna gani, cha nani?"

"Nani alikufundisha kipimo?"

"Bibi yangu, mama wa batoto yangu. Marehemu."

"Mukono wake ulikuwa kama huu wako?"

Kasereka aliinua mkono wake, akauangalia. Mkono wa miaka thelathini ya nyundo. Vidole vinene, kiganja kipana kama sahani ya sombe. Kasoki alikuwa mwanamke mdogo. Mkono wake ulipotea wote ndani ya huu, kila Jumapili, njia yote ya kwenda kanisani.

Akakaa chini kwenye udongo. Yule mtu aliyeshika shati akaliachia.

"Si majani peke yake," Achille alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Ni majani, na vidonge, na njaa, na kusimama juani. Vyote vinashusha. Kila kimoja kilivuta kidogo, vikamuangusha pamoja. Kama usingesema, ningefikiri ni damu imetoka ndani, ningetafuta kingine. Na kama angetapishwa..." Akatoka nje, wakasikia anawaambia watu kwamba karuho hakuna, waende kuangalia bido zao, zinaibiwa. Wengine walienda. Wengine walibaki, watu hawapendi kuachia neno walilolishika.

Kasereka alikaa pale chini. Mfuko wa serumu ulidondosha, tone na tone. Alikuwa amekaa hivyo pia kwa Kasoki, lakini pale hapakuwa na mfuko. Hakuomba kwa maneno. Alisema tu moyoni, si huyu. Si kwa mkono wangu.

Jua lilipofika katikati, Mukamugema alifungua macho. Alitazama juu, akatazama gunia chini ya miguu yake.

"Nani ameniweka kama kuku wa kunyonyolewa?" aliuliza.

Umwiza akacheka na kulia pamoja. Achille akapima. Kumi juu ya sita. Kasereka aliinuka, akapangusa macho kwa mkono wa shati.

"Muzee analia?" Mukamugema alisema. "Basi nilikufa kweli."

Siku tatu alilala pale. Achille alisimamisha vidonge, akaanza upya na nusu, akimpima asubuhi na jioni. Majani alikataza yote mpaka aone damu imetulia. Kasereka alikuja kila siku na uji. Siku ya pili Mukamugema alimuuliza, bila mzaha.

"Muzee, kwa nini haukuniuliza kama Mama Donat alikuwa ananiuliza?"

"Alikuwa anauliza nini?"

"Haujui? Ulikuwa pale!"

Hakujua. Mwanamke akikaa kwenye kigoda, Kasereka alikuwa anainuka na kugeuza mgongo, anaenda kupanga mawe yake. Ndiyo adabu. Mwanaume hasikilizi magonjwa ya wanawake. Alikuwa ameona mikono ya mke wake miaka yote. Maneno yake hakuyasikia hata mara moja.

Mukamugema akamwambia. Kasoki aliuliza: Muganga amekupa kidonge gani, nionyeshe. Uko na mimba? Unanyonyesha? Umekula leo? Ukisimama, dunia inazunguka? Moyo unaruka, au unabana? Kama unabana, au mguu mmoja umevimba, au mkono unakufa ganzi, usikae hapa kwangu, kimbia kwa muganga. Na juma lingine lazima upimwe, uniambie hesabu, ndiyo nitoe tena. Mtu mwenye vidonge alimpa nusu kiganja tu, siku moja anywe, siku ya pili aache. Wengine hakuwapa kabisa. Vitunguu saumu aliwanyima wale wanaokunywa dawa ya kulainisha damu, na aliyengoja kupasuliwa.

"Mimi mwenyewe nilikuwa mutu wa nusu," Mukamugema alisema. "Wewe ukanipa kizima, nikanyamaza. Nilisema, mwanaume ana roho nzuri. Na kwa muganga nilinyamaza pia, atanigombeza. Tulinyamaza sote, muzee. Kunyamaza kulikuwa dawa ya tatu."

Kasereka alimwomba aseme tena tangu mwanzo. Alisema tena. Alikuwa anaiga hata sauti, ule ukali mdogo wa Kasoki, na yule mzee akafumba macho akasikiliza, kwa sababu hajui kuandika.

Meza hakuifungua kwa mwezi mmoja. Watu wengine walipita wakatema mate upande wake. Mtu wa kofi alirudisha kofia, akaiweka juu ya ukuta bila neno. Achille alimpa mizani ndogo ya zamani, ya kupima maziwa ya watoto, na kumwonyesha alama kwa rangi nyekundu: hapa kwa mabichi, hapa kwa makavu, na usizidishe. "Mimi sisemi jani ni baya, papa," alisema. "Nasema jani ni dawa. Ndiyo maana linaogopesha."

Alipofungua, Mukamugema alikuja na kigoda chake, akakaa upande wa pili wa meza. Wanawake hawatamwambia mwanaume mambo ya tumbo lao, alisema, basi yeye atauliza, mzee apime. Aliuliza kwa sauti kubwa mno. Njia nzima ilijua nani ana mimba.

"Punguza sauti, mama," Kasereka alimwambia.

"Nimekufa mara moja. Siogopi sauti."

Juma la pili alikuja mwanamke kutoka Katindo, mke wa askari, mwenye haraka, pikipiki inamngoja. Alitaka mubirizi, mwingi. Tansio ilikuwa imemsumbua usiku kucha, mkono wa kushoto mzito. Vidonge? Ndiyo, anavyo, lakini ameviacha Jumamosi. Mchungaji wake alisema imani haichanganywi na vidonge.

Mukamugema alimtazama Kasereka. Kasereka akaondoa mkono kwenye mizani.

"Kwako leo hapana, mama."

"Namna gani hapana? Majani nayaona!"

"Pikipiki ikupeleke hospitali. Sasa. Usipite nyumbani."

"Nimetoka Katindo mpaka huku, unanifukuza? Bibi yako hangenifukuza. Kila mutu anasema, Mama Donat alikuwa na moyo."

Kasereka akaita mtu wa pikipiki, akamwambia hospitali ipi iko karibu, na apite njia gani ili asizuiliwe na malori. Alizunguka meza, akamshika mwanamke kiwiko kwa heshima, kama unavyomshika dada, akamsaidia kupanda. Mwanamke alikuwa bado anamtukana, mzee mchoyo, mzee wa mawe, alipokuwa anafunga kitenge magotini.

"Ndiyo, mama," Kasereka alisema. "Shikilia vizuri."

Pikipiki iliondoka na vumbi lake jeusi. Alibaki amesimama kando ya njia, akiangalia kama inapinda kulia kuelekea hospitali au kushoto kuelekea Katindo. Ilipinda kulia.